Mama Aliyelipa kwa Jina la Mumewe
(Hotuba ya Karani katika Mkutano wa Mwaka)



Kamati imenipa nafasi ya kusema habari za nyanya yangu, aliyefariki mwaka huu, tukamzika katika kiwanja chake hapa Ruiru. Nitasema kama karani, kwa kuwa habari zake nyingine nimeziona vitabuni. Na zilizo kubwa zaidi hazimo katika kitabu chochote.

Mwaka wa kuzaliwa kwake hakuujua. Alijua tu kwamba Hali ya Hatari ilipotangazwa, Oktoba 1952, alikuwa msichana wa kutumwa kuni peke yake. Katika miaka ya 1954 na 1955 Wakikuyu zaidi ya milioni moja walihamishiwa vijijini kwa amri ya serikali, naye alihamishwa pamoja na mama yake. Huko alichimba handaki la kukizunguka kijiji kabla hajapata shamba la kulima. Huko pia alijifunza kusoma, akabatizwa katika kanisa la Presbiteri.

Aliolewa kanisani mwaka wa Uhuru, 1963, na mumewe akamleta katika shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika. (Shamba lile leo ni majumba matupu, hata mti mmoja wa kahawa haukubaki.) Wazee wanayajua majira yetu mawili ya kuchuma, yale madogo ya katikati ya mwaka na yale makubwa ya Oktoba hata Desemba. Katika majira makubwa alitoka nyumbani kungali giza, mtoto mgongoni, akachuma mbivu tupu, maana mnyapara akiona mbichi ndani ya debe alilimwaga lote. Debe lililokubaliwa liliandikwa kwa jina la mumewe. Nilimsikia akilisema jambo hilo mara moja tu: “Mikono ilikuwa yangu, jina likawa la babu yako.” Akacheka. Babu alikuwa mtu mwema, wala sitaki wazee wanielewe vibaya.

Katika miaka ya 1970 wafanyakazi wengi walichanga fedha katika makampuni ya kununua mashamba ya walowezi. Nyanya aliuza maziwa na ndizi, hisa ikanunuliwa, nayo ikaandikwa kwa jina la mumewe. Babu alipofariki, kiwanja kikawa cha marehemu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yampa mjane haki ya kukaa na kutumia mali hiyo maisha yake. Lakini kwanza ilimpasa aonyeshe kwamba yeye ndiye mjane. Alikwenda mahakamani Thika mara nyingi, Biblia ndani ya kikapu, na cheti cha ndoa kati ya kurasa zake. Cheti kile ndicho kilichomwokoa. Watoto saba walilala juu ya ardhi ile bila hofu ya kufukuzwa.

Siku nne kabla ya kufariki, akiwa hawezi tena kuketi, aliniuliza kama mchango wake wa mwezi umefika. Nilifungua daftari. Mchango ulikuwamo, kila mwezi bila kukosa, lakini chini ya jina la babu, ambaye tulikwisha kumzika zamani. Mwandiko wa miaka tisa ya mwisho ni wangu mimi. Nilinakili tu kama nilivyokuta.

Alipofariki, mweka hazina aliuliza, na aliuliza kwa haki, ni mwanachama gani aliyefariki. Kwa maana kwa kitabu chetu huyu hakuwa mwanachama, na yule aliyeandikwa alikwisha kupewa jeneza lake. Fedha zilichelewa siku mbili. Akina mama wa kanisa ndio waliolipa fundi.

Tangu hapo nimepitia daftari ukurasa kwa ukurasa, nikaona wajane wengine wanaolipa hivyo hivyo, na baadhi yao wameketi humu ukumbini. Naomba mkutano huu uamue kwamba kila mama anayelipa, mjane au mwenye mume, aandikwe kwa jina lake mwenyewe, naye apewe kadi yake.

Jina la nyanya yangu sikulitaja katika hotuba hii kwa makusudi. Kamati imekubali lichapwe katika ukurasa wa wanachama waliofariki, kwa herufi zilezile za wazee. Tafadhali litafuteni humo.