Anayesinzia Mkutanoni Si Mvivu
(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya ufuo wa ziwa, Kisumu)

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya usingizi. Wengine wenu mmecheka, maana nani hajui kulala? Lakini sisi tunaotembelea vikundi huwa tunafungua vitabu vya mikutano, na katika sheria za vikundi vingi tunakuta faini: ya kuchelewa, ya simu kulia, na ya kusinzia. Ya kusinzia, jamani! Mama amesubiri mitumbwi ufuoni tangu saa kumi alfajiri, amenunua omena, ameianika, amepika uji, amewatoa watoto shule, ameingia mkutanoni saa nane mchana. Akifumba macho dakika mbili, mweka hazina anafungua kitabu. Tunataka tuliangalie jambo hilo leo, na ili tuliangalie vizuri lazima kwanza tujue usingizi ni kitu gani.

Mwili una saa yake. Iko ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, nayo ni fungu dogo sana la chembe hai. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, tezi ndogo ndani ya ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, na mwili unaanza kujitayarisha kulala. Kukipambazuka, homoni hiyo inapungua. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe. Waliichunguza katika inzi wadogo wa matunda. Kumbe hata inzi ana saa!

Hapa Kisumu ikweta iko karibu sana, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Saa ya mwili wa mtu wa hapa imezoea hivyo, na haibadiliki kwa kuwa mtu amepata kazi ya usiku.

Tena kuna deni. Kila saa unayokaa macho, mwili unaandika, kama vile mweka hazina wa mkopo anavyoandika. Deni hilo hulipwa kwa kulala tu. Chai ya majani na kahawa hazilipi. Zinauzuia ubongo usilione deni kwa muda, nalo linabaki palepale.

Usingizi wenyewe huja kwa mizunguko, kila mzunguko karibu saa moja na nusu. Mwanzo wa usiku ndio wenye usingizi mzito zaidi, ule ambao mtoto hutoa kwa wingi homoni ya kukua. Kuelekea asubuhi ndipo usingizi wa ndoto unapokuwa mrefu. Anayeamka saa tisa usiku kila siku, hata akilala mapema, anapoteza sehemu kubwa ya ule wa mwisho. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Mtoto wa shule ya msingi saa tisa hadi kumi na mbili. Mtoto anayeamshwa usiku kwenda ufuoni kisha anapigwa darasani kwa kusinzia, huyo anaonewa mara mbili.

Sasa turudi kwa omena. Omena huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi pia taa za betri, na usiku usio na mbalamwezi ndio mzuri zaidi. Mvuvi anakaa macho wakati saa ya mwili inasema lala, kisha anataka kulala mchana chini ya mabati yenye joto, redio ya jirani inalia, na jua limemwingia machoni akirudi. Hata akilala saa nyingi, usingizi huo ni haba. Na kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri ndipo mwili unapopoa na akili kuwa nzito kuliko wakati wowote. Ni wakati mbaya wa kuwa ziwani bila mwenzako aliye macho, na wa kuendesha bodaboda iliyobeba magunia.

Tunachoshauri si kikubwa. Mvuvi apate chumba chenye giza, leso nzito au gunia dirishani, na alale kwa mfululizo, si vipande vipande. Neti ya mbu isisahaulike hata kama analala mchana. Watoto wapelekwe wakacheze kwingine. Hili ni jambo la familia nzima, na pengine la majirani wenye redio pia.

Wazee wa ziwa hili wakisikia ugonjwa wa kulala hawafikirii faini. Kati ya mwaka 1900 na 1920 malale yaliua watu wanaokadiriwa kupita 200,000 kuzunguka ziwa, wengi wao upande wa Busoga na visiwa vya Uganda. Kwetu, Bonde la Lambwe katika Homa Bay liliteseka kwa miaka mingi. Vijidudu vinavyoletwa na mbung'o vikifika kwenye ubongo huvuruga ile saa tuliyoitaja: mgonjwa analala mchana na kukesha usiku. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa malale na kugunduliwa hapa Kenya alipatikana mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini. Ni ushindi mkubwa. Hata hivyo mbung'o bado wako Ruma, kwa hiyo mwenye homa isiyoisha, kichwa kuuma na usingizi uliogeuka akapimwe damu.

Mengine tuliyoulizwa vijijini ni haya. Mtu anaamka, hawezi kuinua hata kidole, anahisi kitu kimemkalia kifuani. Waswahili husema ni jinamizi. Katika usingizi wa ndoto ubongo huifunga misuli tusije tukatenda tunayoyaota. Pengine akili inaamka kabla kufuli halijafunguliwa. Linapita kwa dakika chache, na huwapata zaidi waliokosa usingizi. Hakuna jirani aliyelituma.

La pili linatuuma zaidi. Mtoto anatoka mkekani usiku, anatembea, macho wazi, hajibu. Mara watu wananong'ona: huyu ni jajuok, kama babu yake. Ni kweli kutembea usingizini huenda katika ukoo, lakini ni usingizi mzito uliovurugika, si uchawi. Mrudishe mkekani polepole, funga mlango vizuri, ondoa jiko na panga njiani. Wengi huacha wakikua. Jina baya haliachi.

Anayekoroma kwa nguvu, kisha pumzi ikakatika, kisha akashtuka kama anayezama, asichekwe. Koo linajifunga mara nyingi usiku mmoja. Mchana atasinzia, na shinikizo la damu linaweza kupanda. Aende zahanati. Kwa mtoto mara nyingi ni mafindofindo yaliyovimba.

Anayekosa usingizi kwa mawazo, kama wajane wengi tunaowajua, asitafute chang'aa. Pombe humlaza mtu haraka na kumwamsha usiku wa manane. Na mnaotumia dawa za ARV: dolutegravir inaweza kumfanya mtu akeshe. Msiache dawa! Mwulizeni mhudumu wa kliniki kama mnaweza kuimeza asubuhi.

Basi, kuhusu vile vitabu vyenu. Tunapendekeza kifungu cha kusinzia kifutwe, na siku za giza la mwezi mkutano uwe saa nne asubuhi badala ya saa nane, au usogezwe hadi mwezi uwe mpevu, maana hapo mitumbwi mingi ya omena imepumzika. Mama akisinzia mara tatu mfululizo, mwenyekiti amwite kando amwulize analala saa ngapi, kama kuna mgonjwa nyumbani, kama anakoroma. Katibu aandike tulivyokubaliana kabla hatujanywa chai.