Mbegu Iliyolala Majini

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya vichocheo vya mimea, zile chupa ambazo wauza pembejeo huziita "busta". Mzazi anaweza kuuza mbuzi ili ainunue moja, kwa hiyo si jambo la kupitia juu juu.

Kichocheo si mbolea, wala si maji. Mbolea hulisha mmea. Kichocheo huuamsha tu utumie vizuri kile ulicho nacho. Kimojawapo hutokana na mwani, kama huu unaolimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989. Huko India hukamuliwa, utomvu wake ukazimuliwa kwa maji mengi na kunyunyiziwa majani, ili mmea ustahimili ukame kidogo zaidi. Lakini hapa Chamwino mvua ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, na katikati yake mbingu hufunga hata wiki mbili au tatu. Mche ulioota vibaya tangu mwanzo, hata uuogeshe mwani, haufiki.

Ndiyo maana mimi naanza na kichocheo kisichouzwa dukani: kuloweka mbegu. Watafiti walikipima India na Zimbabwe katika miaka ya 1990. Mtama hulowekwa saa 8 hadi 10, mahindi saa 12 hadi 18. Kisha mbegu hutandazwa kivulini hadi ganda likauke, na kupandwa siku ile ile penye unyevu. Huchomoza mapema, na mizizi hutangulia chini kabla udongo wa juu haujakauka.

Kuna mtego. Mwaka mmoja nililoweka mtama jioni, alfajiri nikaitwa msibani, nikarudi jua limekwisha kuchwa. Mbegu zote zilikuwa zimechipua. Nikazipanda kwa ubishi, mvua ikakata, nikaenda kuazima mbegu kwa shemeji, ambaye hajanisamehe utani hadi leo. Iliyotolewa kwa wakati, mvua ikichelewa, huanikwa ikangoja, iliyochipua haingoji. Na anayepanda mavumbini kabla ya mvua, kama wengi wetu tufanyavyo kwa uwele, kuloweka hakumhusu. Huyo na akatazame matuta yaliyokatizwa ili maji yasikimbie, yaliyojaribiwa wilayani humu, Idifu na Ilolo, katika utafiti ulioanza 2013.

Nimeleta kilo 2 za mtama wa Macia. Ziko kwa Mwalimu wa Kilimo. Naomba mistari 10 ipandwe mbegu iliyolowekwa na 10 kavu, siku moja, shamba moja, na Kidato cha Pili wahesabu miche siku ya saba. Busta inunuliwe chupa moja tu, kwa fedha ya Umoja wetu na si ya mzazi, ijaribiwe mistari 5 kila upande. Hesabu zichapwe katika gazeti letu toleo lijalo, hata kama zitanikanusha.