Kutu katika Motakaa za Land Rover

Hotuba kwa wenyeji wa Kibaha na Kisarawe



Nimetakiwa niseme nanyi habari za kutu katika motakaa kuukuu za Land Rover: jinsi ya kuitambua, jinsi ya kuitibu, na wakati gani haitibiki tena. Labda mtu atasema, "Hili ni jambo la mafundi, sisi wengine latuhusu nini?" Latuhusu sana. Motakaa hizi bado zapita katika njia za Maneromango na Mzenga na katika bonde la Ruvu, hata wakati wa masika ambapo magari madogo hukwama. Zachukua mkaa, muhogo, mananasi na korosho. Na usiku mgonjwa akizidiwa, huenda hilo ndilo gari pekee lililo karibu la kumfikisha hospitali ya Tumbi au ya Kisarawe. Basi gari la namna hiyo likivunjika mifupa njiani, hasara si ya mwenye gari peke yake.

Yafaa kwanza tujue asili yake. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Iliundwa na kampuni ya Rover huko Solihull, Uingereza. Wakati ule Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibu miaka mitatu, na chuma cha pua kilikuwa haba huko, kikigawiwa kwa kipimo. Lakini alumini, iliyokuwa ikitumiwa kuundia ndege za vita, ilipatikana. Ndipo bodi ikafanywa kwa mabati ya alumini iliyochanganywa na magnesi, na chini yake ikawekwa chasisi ya chuma. Desturi hiyo, kwa jumla, iliendelea miaka mingi, hata gari la mwisho la ukoo ule, ambalo wakati huo liliitwa Defender, lilipotoka katika kiwanda cha Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Kila mwenye jiko aijua alumini, kwani ndiyo ya sufuria. Sufuria yaweza kukaa na maji siku nyingi isishike kutu, bali jembe likiachwa katika umande siku mbili tatu huanza kuwa jekundu. Basi Land Rover ni kama sufuria iliyowekwa juu ya jembe. Watu wakitazama bodi yake, wakaona mabati hayakutoboka na rangi yang'aa, hudhani gari lote ni zima. Hapo ndipo ilipo hila ya kutu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tuitazame chasisi. Ni mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakawa mfano wa sanduku refu, lenye uwazi ndani. Maji na tope huingia humo kwa matundu madogo, nayo yakikosa njia ya kutoka huanza kula chuma kutoka ndani kuja nje. Siku ile utakapoona tundu kwa nje, ujue ndani kumekwisha kuliwa zamani. Tena udongo wa kwetu ulio na ufinyanzi hushika maji sana. Ukiganda juu ya chasisi hukaa na unyevu siku nyingi baada ya mvua kukoma. Na motakaa ziendazo pwani kuchukua samaki hurudi na chumvi, nayo huharakisha kutu kuliko maji matupu.

Kuna ugonjwa wa pili, ambao wengi hawaujui. Ingawa alumini haishiki kutu nyekundu, ikigusana na chuma penye maji, hasa maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Dalili yake ni unga mweupe na rangi kufura kama malengelenge. Utauona katika ncha za chini za milango, ambako bati la alumini limekunjwa juu ya fremu ya chuma, na pande zote za vichwa vya bolti.

Atakaye kulikagua gari na achukue vitu vitatu: nyundo ndogo, bisbisi na sumaku. Kisha alale chini ya gari, asione haya kuchafua nguo. Apige chasisi polepole kwa nyundo toka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, kama kupiga gogo lililoliwa na mchwa. Penye shaka asukume kwa bisbisi. Ikizama, hapo hapana chuma. Sumaku nayo ni ya kuumbua uongo. Haishiki alumini, kwa hiyo haifai kwa mabati ya bodi. Lakini katika chasisi, katika ukuta wa chuma ulio baina ya injini na dereva, na katika nguzo za milango, yapasa ishike kwa nguvu. Ikianguka, mtu ameziba tundu kwa puti akapaka rangi juu yake.

Mahali pa kutazama zaidi ni hapa: boriti ya nyuma inayofungwa ndoana ya kuvutia tela, mikono ya chasisi inayotoka ubavuni kuishika bodi, mahali springi zinapofungwa, na sakafu ya ukuta wa mbele, pale dereva anapoweka miguu. Tope hurushwa na magurudumu likajaa nyuma ya mahali hapo, na maji ya mvua yapenyayo chini ya kioo hushukia papo hapo.

Kutu ikiisha kuonekana, shauri la kwanza ni kujua kama kiungo kile chabeba uzito au hakibebi. Madigadi, boneti na mabati ya ubavuni ni nguo za gari. Yakipasuka, gari litakuwa baya machoni, lakini halitaua mtu. Bati la alumini lililoharibika hukatwa, likatiwa kiraka cha alumini kwa ribiti za alumini. Haifai kulichomelea kwa mashine ya kawaida ya chuma, kwani alumini huyeyuka kwenye joto la digrii 660 hivi, chini ya nusu ya joto la kuyeyusha chuma, na bati litatoboka mbele ya fundi. Kati ya alumini na chuma na pawekwe rangi nzito au utepe wa mpira, ili madini hayo mawili yasigusane.

Lakini chasisi, nguzo za milango na ukuta wa mbele ni mifupa, na mfupa haufungwi kwa kitambaa. Fundi asichomelee kiraka juu ya kutu, maana kutu itaendelea kula chini yake, na moto wa kuchomelea hautashika chuma kilichooza. Yampasa akate mpaka afike kwenye chuma kizima cheupe, ingawa tundu lililokuwa kama shilingi litakuwa kama sahani. Kisha akate bamba jipya lenye unene ule ule wa asili, ambao katika chasisi nyingi hizi ni kama milimita 2, alivirige pembe zake, na alichomelee kidogo kidogo huku na huku, ili joto lisipinde chuma. Kabla ya kukata, gari likalishwe juu ya vigogo imara pande zote, na nafasi za milango zipimwe na kufungwa kwa vyuma vya muda. Asipofanya hivyo chasisi italegea, na kazi ikiisha milango haitafunga tena.

Mikono ya chasisi na boriti ya nyuma hufaa kubadilishwa nzima kuliko kutiwa viraka, maana hata leo vipande hivyo huuzwa vipya, na fundi hodari aweza kuviunda mwenyewe kwa kufuata vipimo vya vile vya zamani. Ikiwa kutu imekula mahali springi zinapofungwa, au imezipata boriti mbili ndefu katika sehemu nyingi, shauri jema ni kutafuta chasisi nyingine. Hata hii ni faida ya Land Rover, kwamba bodi yake imefungwa kwa bolti, na yaweza kufunguliwa na kuwekwa juu ya mifupa mipya. Ziko chasisi mpya zilizozamishwa katika zinki iliyoyeyushwa, nazo hudumu sana, kwani zinki huingia ndani na nje. Bei yake ni kubwa. Lakini mwenye kutia viraka kila masika naye apige hesabu yake.

Sasa niseme juu ya hatari za kazi yenyewe. Katika Land Rover nyingi za kale tangi la petroli liko chini ya viti vya mbele. Kabla ya kuchomelea, tangi liondolewe na kupelekwa mbali, na waya za betri zifunguliwe. Wala mtu asidhani tangi tupu ni salama. Mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka vibaya kuliko petroli yenyewe. Moshi wa zinki huleta homa. Basi zinki ikwanguliwe kwanza, na kazi ifanywe penye upepo. Rangi za zamani huenda zikawa na risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo mahali pa kupiga msasa pasiwe uwanja wa kuchezea. Na vijana wanaojifunza kazi wapewe miwani ya kuchomelea, wasitazame moto kwa macho matupu.

Kazi ikiisha, chuma kipya kipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha rangi ya juu. Ndani ya chasisi pamiminwe nta au mafuta safi ya kuzuia kutu. Mafuta machafu ya injini, ambayo wengi huyatumia, yana asidi ndani yake, tena hudondoka yakachafua ardhi na visima. Matundu ya kutolea maji yazibuliwe kwa waya. Na kila masika na vuli zikiisha, gari lioshwe chini, si juu tu, mpaka tope lote litoke. Kazi hiyo ni ya saa moja na ndoo chache za maji, nayo yaokoa fedha nyingi.

Neno langu la mwisho ni kwa kamati za vijiji na za shule zinazonunua gari kuukuu, na kwa wanaoliuza. Mwezi wa Oktoba 2024 motakaa hizi nyingi zilikusanyika Arusha katika tamasha lake, na watu walizifurahia. Sisi sote twazipenda. Lakini mapenzi yasitufumbe macho. Muuzaji afichaye kutu kwa puti na rangi amwuzia mwenzake ajali. Na mnunuzi aonaye haya kulala chini ya gari mbele ya watu atayaona mengi baadaye barabarani. Mficha uchi hazai. Mwenye gari na aseme wazi, "Hapa pameoza," fundi naye na aseme wazi, "Hapa patapona, na hapa hapaponi." Kisha bei ipatanwe juu ya kweli hiyo. Hapo mgonjwa atakayelazwa nyuma ya gari lile usiku, katika njia ya Maneromango, atakuwa amelala juu ya chuma, wala si juu ya rangi.