SIKU YA PATRICK: ASILI YAKE NA MAFUNZO YAKE

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi wa Langas, Eldoret.)



Hapa Langas ukiita "Patrick!" barabarani, huenda wakaitika watu watatu wa makabila matatu mbalimbali. Jina hilo limekuwa letu. Lakini ni wachache wajuao habari za mtu mwenyewe, au sababu ya watu wa Ayalandi, popote walipo duniani, kuvaa rangi ya kijani kila tarehe 17 Machi na kufanya sikukuu.

Patrick hakuzaliwa Ayalandi. Alizaliwa Uingereza, utawala wa Warumi ulipokuwa ukielekea kwisha huko, yapata miaka 1,600 iliyopita. Alipokuwa na umri wa miaka 16, maharamia wa Kiayalandi walimteka, wakamvusha bahari, wakamtia utumwani. Kwa muda wa miaka sita alichunga mifugo katika njaa na baridi. Mwisho akatoroka, akaenda mwendo mrefu kwa miguu hata akapata merikebu, akarudi kwao. Jamaa zake walimsihi asiondoke tena. Lakini akaota ndoto, akasikia sauti za watu wa Ayalandi zikimwita arudi kutembea kati yao. Naye akarudi, si kwa upanga wa kulipiza kisasi, bali kwa Injili. Mambo haya aliyaandika mwenyewe kwa Kilatini, na maandiko yake mawili yangalipo. Moja ni barua kali ya kumlaumu Coroticus, ambaye askari wake waliwaua Wakristo wapya na kuwateka wengine wawe watumwa.

Mengine ni hadithi za baadaye. Husemwa kwamba alifukuza nyoka wote; lakini wataalamu watuambia kwamba nyoka hawakuwako huko tangu zama za barafu. Husemwa pia kwamba alifundisha habari za Utatu kwa jani dogo lenye sehemu tatu katika kikonyo kimoja. Habari hiyo haikuandikwa ila katika karne ya 18. Hata hivyo watu hulibandika jani hilo kifuani siku hiyo.

Tarehe 17 Machi husemekana kuwa ndiyo aliyofariki. Kwa kuwa huangukia Kwaresima, ilikuwa desturi kuruhusiwa kula nyama siku hiyo moja. Mwaka 1903 ilifanywa sikukuu ya serikali huko Ayalandi. Maandamano ya ngoma na bendera yalistawi kwanza ugenini, kama vile New York tangu 1762, kwa kuwa mtu aliye mbali na kwao huzidi kukumbuka kwao.

Vijana wengine wamesikia kwamba siku hii ni ya ulevi. Yafaa wajue kwamba huko Ayalandi kwenyewe, kwa miaka mingi hata kufikia 1960 hivi, sheria ilifunga vilabu vya pombe siku hiyo. Basi asiwepo wa kutumia jina la Patrick kuwa kisingizio cha chang'aa.

Sasa, yatuhusu nini? Tarehe 17 Machi 1932, katika kijiji cha Kiltegan, kilianzishwa chama cha mapadre wamisionari wenye jina la Patrick. Walifika Kenya mwaka 1951. Padre Joseph Houlihan, mmoja wao, ndiye aliyekuwa askofu wa kwanza wa Eldoret, mwaka 1959. Kule Iten, shule ya Mtakatifu Patrick ilimpokea Bruda Colm O'Connell kutoka Ayalandi mwaka 1976, naye akawalea wanariadha mashuhuri, hata David Rudisha aliyeshinda mbio za mita 800 mjini London mwaka 2012.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko mbio. Mnamo Desemba 2007 na Januari 2008, baada ya uchaguzi, mtaa huu wetu uliona moto na damu, na jirani alimkimbia jirani. Siku zile maelfu walipata hifadhi katika uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu hapa Eldoret, na Askofu Cornelius Korir aliwapokea. Baadaye alitumia miaka yake iliyobaki, hata kufariki kwake mwaka 2017, kuwakutanisha waliokuwa wamepigana.

Wako waliorudi Langas, wakajenga tena kando ya wale waliowakimbia. Wako ambao hawakurudi. Kila uchaguzi ukaribiapo, minong'ono huanza upya. Sisemi kwamba kurudi ni rahisi, wala sisemi haki isidaiwe. Patrick mwenyewe hakunyamaza mbele ya dhuluma. Lakini aliwachukua waliomwonea kuwa watu wake. Basi 17 Machi ikifika, asiye na nguo ya kijani asione haya. Na abishe hodi kwa jirani ambaye hajasalimiana naye tangu siku zile.