Mchezaji wa Tatu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka)



Katibu aliponiandikia nije kuzungumza juu ya michezo alinipa dakika ishirini, nami najua kwamba wali uko jikoni na harufu yake imekwisha kutufikia. Nitajitahidi. Ila yanipasa nikiri kwamba mada yangu nimeibadilisha asubuhi hii hii. Nilikuwa nimejitayarisha kueleza habari za timu yetu ya zamani, nani alifunga bao gani na refa gani alituonea. Wazee wenzangu mngepiga makofi na vijana mngesinzia. Lakini katika kikao chetu cha saa tatu tulibishana sana juu ya mfuko wa michezo. Wenzetu kadha walishauri kwamba, kwa kuwa fedha ni kidogo, tuwanunulie viatu wachezaji 11 wa timu ya kwanza, na hao ndio wakae kambini kabla ya UMISSETA. Wa akiba wangoje mwakani. Jambo hilo halikukatwa, na saa kumi litarudi mezani. Basi nimeona heri dakika zangu nizitumie kuwasimulia kisa cha kijana mmoja wa akiba. Tena hakuwa wa akiba wa kwanza, alikuwa wa pili.

Kisa chenyewe ni cha Marekani, na mpira ninaousema si kandanda yetu bali ni ule wao wenye umbo la yai. Nitaueleza kwa ufupi tusije tukapotezana njiani. Kila upande una watu 11 uwanjani, kama sisi. Uwanja una yadi 100. Wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea yadi 10. Wakifaulu hupewa 4 nyingine, wakishindwa mpira huenda kwa wenzao. Ukiuvusha mpira mstari wa mwisho wa adui umepata pointi 6, na huongezewa 1 ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti. Ukishindwa kuuvusha waweza kuupiga kutoka mbali kupita kati ya milingoti hiyo, ukapata 3. Sasa, yuko mtu mmoja anayepokea mpira kila shambulio linapoanza, na ni yeye anayeamua aurushe kwa mkono au amkabidhi mkimbiaji. Wao humwita kwotabeki. Mimi nitamwita mrushaji. Timu ikimpoteza mtu mwingine itajikongoja. Ikimpoteza mrushaji ni kama basi lililompoteza dereva: utingo yupo, abiria wapo, safari haipo.

Huko kwao mpira wa vyuo vikuu si mchezo wa jioni baada ya vipindi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus, huingiza watu zaidi ya 100,000, na wanaochezea humo ni wanafunzi wenye madaftari kama ninyi. Kwa miaka mingi, tangu 1998 hadi 2013, bingwa alipatikana kwa kuchagua timu 2 tu kwa kura na hesabu za kompyuta, nazo zikakutana. Msimu wa 2014 ndio wa kwanza wa mtoano: kamati ikachagua timu 4, zikacheza nusu fainali, kisha fainali. (Tangu msimu wa 2024 zimekuwa 12.) Timu 4 katika nchi yenye vyuo vingi namna ile! Kupoteza mchezo mmoja tu kulitosha kukufungia mlango.

Ohio State walianza kupoteza kabla hata msimu haujafunguliwa. Mrushaji wao alikuwa Braxton Miller, kijana aliyekuwa ametajwa mara mbili mfululizo kuwa mshambuliaji bora wa ligi yao. Mwezi wa Agosti 2014 aliumia bega mazoezini, na msimu wake ukaishia hapo. Nafasi ikaenda kwa J.T. Barrett, ambaye hakuwa amecheza mchezo hata mmoja wa chuo. Tarehe 6 Septemba wakawakaribisha Virginia Tech, nyumbani kwao, mbele ya umati ule, wakapigwa 35 kwa 21. Barrett aliangushwa chini mara 7, na mara 3 mipira aliyorusha ikadakwa na wapinzani. Waliojua mpira wakasema Ohio State basi tena.

Kocha wao, Urban Meyer, hakumtoa Barrett. Nalisema hili kwa sababu hapa shuleni najua kipa aliyetolewa moja kwa moja kwa kosa moja. Barrett akacheza, akajifunza, na timu ikaanza kushinda. Huko Penn State mwezi wa Oktoba walihitaji kuongezewa muda mara mbili kabla ya kupata 31 kwa 24. Ikafika tarehe 29 Novemba, siku ya kukutana na Michigan, watani wao wa jadi. Robo ya mwisho ndiyo kwanza inaanza, Ohio State wakiongoza 28 kwa 21, Barrett akaangushwa vibaya, kifundo cha mguu kikavunjika. Walimtoa uwanjani kwa kigari. Wakamaliza mchezo kwa ushindi, 42 kwa 28, lakini nadhani hakuna aliyekuwa na hamu ya kushangilia. Siku ya pili yake mwenzao mmoja wa timu, aliyekuwa ametoweka kwa siku kadhaa, akaonekana akiwa amekufa. Wiki iliyofuata ndiyo waliyotakiwa kujiandaa kwa fainali ya ligi yao.

Na mrushaji aliyebaki ni Cardale Jones.

Jones ni mtoto wa Cleveland, mrefu wa futi 6 na inchi 5, mwenye mkono wa kurusha mpira kama manati. Wakati ule watu hawakumjua kwa mpira. Walimjua kwa maneno aliyoyaandika kwenye mtandao mwaka 2012, alipokuwa mgeni chuoni: kwamba wao walikuja kucheza mpira, hawakuja kucheza shule, na kwamba masomo hayana maana. Naona vijana mnacheka. Hata kule walicheka, nchi nzima, na walimu wake hawakucheka. Agosti ile ya 2014 alikuwa amegombea nafasi ya pili na Barrett, akashindwa. Kwa hiyo msimu wote alikuwa mtu wa kuvaa jezi safi na kuivua ikiwa safi.

Tarehe 6 Desemba, mjini Indianapolis, alianza mchezo kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya chuo. Wapinzani walikuwa Wisconsin, ambao wengi waliwapa ushindi kabla ya filimbi. Ohio State wakashinda 59 kwa 0. Nairudia tarakimu hiyo kwa ajili ya walio karibu na jiko: 59 kwa 0. Jones alirusha mipira 17, ikashikwa 12, na 3 kati yake ilivushwa mstari na mtu yule yule, Devin Smith.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana ndipo penye shabaha yangu. Kutoka mchezo wa Michigan hadi huu ni siku 7. Kwa siku 7 hakuna kocha, hata awe hodari vipi, awezaye kumfundisha mtu mpira wa namna ile tangu mwanzo; mipango ya mashambulizi yao ni mingi kama kurasa za kamusi. Jones alikuwa tayari ameifundishwa. Alifundishwa Agosti, Septemba na Oktoba, wakati hakuna aliyefikiri kwamba angecheza. Yule mwalimu wa warushaji, Tom Herman, alikuwa na wanafunzi watatu, wala hakumfundisha mmoja huku wawili wakibeba ndoo.

Nasema ndoo kwa kuwa mimi niliibeba. Wanachama wa rika langu wanakumbuka: nilikuwa kipa wa akiba wa shule hii kwa miaka miwili, na kazi yangu ilikuwa ndoo ya maji na machungwa yaliyokatwa. Mazoezini nilisimama nyuma ya goli kuokota mipira. Hakuna aliyenionyesha kipa asimame wapi kona inapopigwa. Siku kipa wetu alipoamka na homa, asubuhi ya mchezo wa kutafuta nafasi ya kwenda mkoani, nilipewa glavu zake, nikafungwa 5. Baadhi yenu mlikuwapo na mmekuwa waungwana kutonikumbusha. Nilikuwa na miaka 17 na niliamini kwa muda mrefu kwamba mimi ni mtu wa kushindwa.

Turudi Marekani. Kesho yake kamati ikatangaza majina: Alabama wa kwanza, Oregon wa pili, Florida State wa tatu, Ohio State wa nne. Haki ilitendeka? Wiki iliyotangulia Texas Christian walikuwa wa tatu. Wakashinda mchezo wao wa mwisho 55 kwa 3, na bado wakashushwa hadi nafasi ya sita. Mimi ningekuwa wa Texas Christian ningelalamika mpaka leo. Lakini kilichowaingiza Ohio State ni zile 59 za mchezaji wa tatu. Bila hizo kamati ingekuwa na sababu nzuri ya kusema timu hii haina mrushaji.

Nusu fainali ilikuwa New Orleans, tarehe 1 Januari 2015, na Alabama ya kocha Nick Saban, timu iliyoogopwa kuliko zote. Robo ya pili Alabama wakawa wanaongoza 21 kwa 6. Ohio State wakarudisha kidogo, ikawa 21 kwa 13. Zikiwa zimebaki sekunde 12 kabla ya mapumziko, mpira ukapelekwa kwa Evan Spencer. Huyu si mrushaji. Kazi yake ni kupokea, na zaidi sana kuwazuia maadui ili wengine wapite, kazi ambayo magazeti hayaiandiki. Spencer akaurusha yeye, Michael Thomas akaudaka pembeni kabisa huku mguu wake ukigusa nyasi za ndani kwa kubahatisha. 21 kwa 20. Baada ya mapumziko Jones akampata Devin Smith kwa yadi 47, kisha mlinzi wao mmoja akadaka mpira wa Alabama na kukimbia nao hadi mwisho: 34 kwa 21.

Alabama hawafi upesi. Wakarudi hadi 34 kwa 28. Zikisalia dakika 3 na ushei, Ezekiel Elliott akapewa mpira, akachomoka yadi 85. Picha za siku ile zinamwonyesha Elliott. Lakini mkitazama tena mtamwona Spencer, yule yule, akijitupa na kuwaangusha wapinzani wawili kwa mkupuo mmoja ili njia ifunguke. Mchezo ukaisha 42 kwa 35.

Fainali nitaipita haraka, kwa kuwa kwa maoni yangu kazi ngumu ilikwisha kufanyika. Ilichezwa Arlington, Texas, tarehe 12 Januari, dhidi ya Oregon waliokuwa na Marcus Mariota, mchezaji bora wa vyuo wa mwaka ule. Ohio State walipoteza mpira mara 4, jambo ambalo kwa kawaida hukupeleka nyumbani, na wakati fulani tofauti ilikuwa pointi 1 tu, 21 kwa 20. Elliott akakimbia jumla ya yadi 246. Matokeo: 42 kwa 20. Michezo mitatu ambayo Jones alikuwa ameanza maishani mwake chuoni ilikuwa fainali ya ligi, nusu fainali ya taifa na fainali ya taifa, na yote alishinda.

Vijana wataniuliza: baadaye je? Siku tatu baada ya fainali aliitisha waandishi wa habari katika shule yake ya zamani ya sekondari, huko Cleveland. Wengi walidhani anaaga chuo aende kucheza mpira wa kulipwa. Akasema anarudi darasani. Msimu wa 2015 alianza yeye, kisha Barrett akapona vizuri na kuichukua nafasi yake. Jones akarudi benchi. Mwaka 2016 alichukuliwa na timu ya kulipwa ya Buffalo, ambako hakucheza ila kidogo sana. Sitawadanganya kwamba aligeuka kuwa nyota. Lakini mwezi wa Mei 2017 alimaliza shahada yake pale Ohio State, na katika mahafali alivaa kofia ambayo juu yake ameandika yale yale maneno yake ya zamani, kwamba hatukuja hapa kucheza shule.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa. Kikao kitakaporudi saa kumi nitatoa hoja tununue viatu jozi 22, hata vikiwa vya bei nafuu, na kambini waende wote. Kama fedha zitapungua, jina langu liandikwe la kwanza katika orodha ya mchango.