Magofu na Mahame: Maneno ya Familia Inapozuru Kaole



Wakati wa likizo za shule, familia nyingi za Dar es Salaam huenda Bagamoyo na kurejea siku hiyohiyo. Safari ni ya kilomita zipatazo 70. Watoto huoneshwa Ngome Kongwe, na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Kisha, jua lisipokuwa limekuwa kali, hupelekwa Kaole, kusini ya mji. Huko kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, baadhi yakiwa na minara. Msikiti mkongwe hukadiriwa kuwa wa karne ya 13.

Mzazi humwambia mtoto: "Haya ni magofu." Ndivyo asemavyo pia mtembeza wageni, na ndivyo vitabu vinavyoandika. Neno hilo si kosa. Hata hivyo, gofu katika Kiswahili ni jengo lililobaki kuta bila paa. Na mtu aliyekonda mno huitwa gofu la mtu. Ni neno linaloeleza hali ya kitu, wala halina habari ya aliyekuwa ndani yake. Si ajabu basi kwamba watoto hupanda juu ya kuta hizo, wakapigwa picha, wakauliza chakula kiko wapi.

Lugha ina neno jingine ambalo wazungumzaji wa mijini wanalisahau: mahame. Mzizi wake ni kitenzi hama, na irabu ya mwisho imekuwa -e. Irabu hiyo ina kazi yake katika uundaji wa nomino. Kiumbe ni kilichoumbwa. Mteule ni aliyeteuliwa. Mtume ni aliyetumwa. Vivyo hivyo mahame ni mahali palipohamwa. Ndani ya neno moja mna watu, mna tendo lao, na mna wakati uliopita. Anayelisikia hana budi kuuliza ni nani waliohama na kwa sababu gani. Mikoko iliyosimama leo kati ya misikiti hiyo na bahari ni mahali pazuri pa kuanzia jibu, maana mji wa biashara hauishi bila njia ya vyombo.

Kuna na neno zuru. Katika matumizi ya Waislamu wa pwani, kitu kinachozuriwa hasa ni kaburi, na anayezuru huja na dua. Siku hizi ziara ni ya waziri au ya timu ya mpira. Lakini Kaole ni makaburi kwanza, na wapo wanaokwenda huko hadi leo kwa dua. Mtoto aliyefundishwa kwamba anazuru, naye akajua kuzuru ni nini, hahitaji kukatazwa kupanda juu ya kaburi.

Ipo hatari ya upande wa pili, nayo ni kulifanya neno liseme zaidi ya linavyoweza. Jina la Bagamoyo hufafanuliwa kwa watoto kuwa ni kilio cha mtumwa anayebwaga moyo wake ufukoni. Utumwa ulikuwapo, na ukatili wake hauhitaji kuthibitishwa kwa etimolojia. Ila kubwaga ni kutua mzigo kwa kishindo, na kubwaga moyo kulikuwa pia kupumzika baada ya taabu. Mpagazi aliyefika pwani na pembe za ndovu begani angeweza kulitamka neno hilo kwa furaha. Mzazi mwangalifu atampa mtoto maelezo yote mawili.

Hata mahame lina mpaka wake. Burton na Speke walipoanza safari yao ya bara mwaka 1857, walipitia Kaole, na walikuta watu. Kijiji chenye jina hilo kingali jirani na misikiti ile ya kale, na watu wake wanaishi humo.