MELI ZILIZOLALA CHINI YA MAJI YA CHUUK
(Maneno yaliyosemwa na mmoja wetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliniandikia niseme juu ya jambo lolote lisilohusu ofisi. Nitasema juu ya kuzamia baharini, tena si katika bahari yetu bali katika Pasifiki, kwenye visiwa vya Chuuk, ambavyo ramani za zamani ziliviita Truk. Nilipelekwa Guam kwa mkutano wa kazi; ulipokwisha nikachukua siku zangu za likizo nikaenda huko, na nauli nililipa mwenyewe. (Nasema hivyo kwa kuwa namwona ndugu yetu Mkaguzi wa Hesabu ameketi mstari wa mbele.)

Chuuk ni sehemu ya Shirikisho la Mikronesia. Visiwa vyake vimezungushiwa mwamba wa matumbawe kama ua wa nyumba, na ndani ya ua huo maji yametulia, meli kubwa hutia nanga bila wasiwasi. Wajerumani, wale wale waliotutawala Tanganyika, walinyang'anywa visiwa hivyo na Wajapani mwaka 1914. Katika Vita vya Pili Wajapani wakapafanya kituo kikubwa cha manowari zao. Tarehe 17 na 18 Februari 1944 ndege za Marekani zikapashambulia. Manowari kubwa zilikuwa zimekwisha ondoka. Zilizokutwa nyingi ni za mizigo na mafuta. Zaidi ya meli 40 zilizama pamoja na watu wengi.

Kijana mmoja wa huko, Kimiuo Aisek, aliyaona mashambulizi hayo akiwa na miaka 17. Alipokuwa mtu mzima alizitafuta meli zile moja moja, na mwaka 1973 akafungua duka la kuwahudumia wazamiaji. Jacques Cousteau, yule Mfaransa, alikuwa amekwisha fika mwaka 1969, na sifa za mahali pale zikaenea duniani.

Sasa ninyi wa Kidato cha Pili mnaonung'unikia sheria ya Boyle, nisikilizeni. Kila mita 10 unazoshuka huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 30 mgandamizo ni mara nne ya huu wa hapa, kwa hiyo mtungi wa hewa ambao ungekutosha saa nzima karibu na uso wa maji utakwisha kwa robo saa. Ukijaza mapafu kwenye mita 10, ukaziba pumzi na kupanda, hewa ile hutaka nafasi mara mbili, na mapafu hayana nafasi hiyo. Ndiyo maana amri ya kwanza ya mzamiaji ni kutoziba pumzi kamwe. Tena kuna naitrojeni, ambayo huyeyuka katika damu ukiwa chini. Ukipanda haraka hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mtu aweza kupooza au kufa. Sisi tulipanda mita 9 kwa dakika, tukasimama dakika tatu kwenye mita 5, tukiwa tumeshika kamba kama watoto wanaongoja chakula.

Meli niliyoipenda ni Fujikawa Maru. Imesimama wima mchangani, mzinga wake ungali katika omo, na matumbawe laini mekundu na ya zambarau yameufunika hata usingeujua kuwa ni silaha. Tumboni mwake mna viunzi vya ndege za kivita. Humo huingii bila kiongozi: pigo moja la mguu latifua tope, na mlango ulioingilia hauonekani tena.

Lakini bustani ile ina mambo mawili yasiyoonekana katika picha. La kwanza ni mifupa. Wajapani wamekuja mara kadhaa kukusanya mabaki ya ndugu zao, lakini si yote yaliyopatikana. Sheria ya Chuuk yakataza kuondoa kitu chochote melini, nami naona ni haki. Asiyechukua kikombe katika kaburi la babu yake asichukue cha mwenzake.

La pili ni mafuta. Chuma kilichokaa majini miaka 80 kimekuwa chembamba, na baadhi ya meli zinavuja. Huko Ulithi, visiwa vingine vya nchi hiyo hiyo, meli ya mafuta ya Marekani, Mississinewa, iliyozamishwa Novemba 1944, ilianza kuvuja mwaka 2001. Mwaka 2003 jeshi la majini la Marekani likaja kuvuta karibu galoni milioni mbili. Chuuk haikupata bahati hiyo mapema. Wataalamu wa Kijapani wameondoa mafuta katika baadhi ya meli, lakini kazi ni kubwa kuliko mfuko. Wavuvi wa Chuuk hawakuanzisha vita ile, na samaki wao ndio watakaokufa matangi yakipasuka. Kwa maoni yangu aliyeleta meli ndiye wa kulipa, hata ikipita karne.

Baruti nayo haikubaki salama. Wako waliochokoa mabomu melini wakayatumia kuvulia, wakavunja kwa dakika moja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi. Wenzetu wa Kilwa na Mtwara hawahitaji kuelezwa jambo hilo lafananaje.

Ndugu Mwenyekiti, nakuona unatazama saa. Ramani na picha nimezibandika katika maabara ya Fizikia, na nitakuwapo huko hadi saa kumi kwa mwenye swali.